Yule Aliyebaki Darasani

"Fundi ameingia darasani."

Maandishi yalijitokeza chini ya kioo cha simu, madogo, meupe, yakakaa kidogo kisha yakafifia kama mvuke dirishani. Somo hilo la mtandaoni likasimama. Hata mhadhiri, yule mama mtu mzima ambaye wanafunzi walimbandika jina la Bibi Kamera kwa sababu kila kipindi alikifungua kwa "wanangu, washeni kamera niwaone," alikatika katikati ya maneno. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

Wote waliokuwa darasani walijua kwamba Fundi amezikwa. Wengine walikuwepo alipozikwa. Wengine walichanga rambirambi kwa simu hizo hizo.

Chaji alisogeza uso karibu na kioo. Jina hilo la Chaji alipewa mwaka wa kwanza, maana haikupita siku bila kuuliza, "Jamani, nani ana chaji?" Sasa alikuwa stoo, nyuma ya saluni ya shangazi yake, kaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kauegemeza kwenye maboksi ya nywele za kusukia, simu kaitega kwenye rafu katikati ya chupa mbili za shampuu. Huko stoo ndiko mtandao ulikokamata. Ukiisogeza simu kidogo tu upande wa mlango, mhadhiri anaganda mdomo wazi kama anayetaka kupiga chafya.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu mvua zianze, jina lile lilikuwa likiingia baada ya wengine wote kuingia. Kamera imezimwa, kipaza sauti kimezimwa. Kilichoonekana ni kile kipicha cha duara tu: Fundi, bisibisi kaichomeka nyuma ya sikio, anacheka upande mmoja wa mdomo, kama alivyokuwa akicheka alipoletewa simu iliyotumbukia chooni na mwenyewe akiapa kwamba ilinyeshewa. Alikuwa anasoma ualimu, na simu za nusu ya chuo zilipita mikononi mwake. Ile ya kwake aliiunda mwenyewe kwa simu tatu zilizokufa.

"Kiongozi wa darasa," Bibi Kamera alisema, sauti kaishusha. "Jambo hili tulilizungumza. Umefikia wapi?"

Kiongozi wa darasa alikuwa kijana wa miwani minene, ndiyo maana wakamwita Darubini. "Nimewaandikia watu wa kompyuta wa chuo, mwalimu. Wanasema akaunti bado ni hai, mpaka familia yake iombe ifungwe."

"Na wewe mwenyewe huwezi kumtoa?"

"Naweza. Nikibonyeza hapa tu, anatoka."

"Basi?"

Darubini alikitazama kidole chake. "Mkono unakataa, mwalimu."

"Mimi nawaambia ukweli," akadakia mmoja aliyejulikana kwa kukatika katikati ya vipindi, "bando langu sikuweka nije kuogopeshwa. Natoka. Somo hili nitalisoma kwenye kitabu."

"Kitabu unacho wewe?"

"Nitaazima kwako."

"Changu umekaa nacho tangu muhula uliopita!"

Vicheko vikapasuka hapa na pale, vile vicheko vya watu wanaotaka kusikia sauti zao wenyewe. Bibi Kamera akakohoa, akaendelea na somo. Alikuwa akieleza akili ya mtoto mchanga: kwamba ukimfichia kitu chini ya kitambaa, kwake yeye kimekwisha, hakipo tena duniani. Halafu siku moja anakua kidogo, anaanza kukifunua kile kitambaa, anakitafuta.

"Na asipokipata, mwalimu?" mtu akauliza.

"Analia," akasema Bibi Kamera. "Kilio hicho ni dalili nzuri. Amejua kwamba kilikuwepo."

Chaji hakuandika hata neno. Macho yake yalikuwa kwenye kile kiduara.

Kipindi kilipokwisha, wanafunzi wakaondoka mmoja mmoja, "kwaheri mwalimu, kwaheri mwalimu," kama mbegu zinazomwagika kutoka kwenye mfuko uliotoboka. Bibi Kamera naye akaondoka, na kama kawaida yake akasahau kulifunga darasa. Kusahau kwake huko ndiko kulikowazoesha watu wawili jambo ambalo hawakulipanga: kubaki.

Lilianza hivi. Fundi alipofariki, Chaji aliacha kuingia darasani kabisa. Simu aliigeuza kifudifudi, akaigeuza na nafsi yake. Ndipo Darubini akaanza kumrekodia masomo kwa sauti yake mwenyewe, akiyapunguza, akimtumia vipande vifupi vifupi visivyokula bando. "Leo tumesoma michezo ya watoto. Mwalimu ameongea sana, ila la maana ni hili." Chaji aliyasikiliza akisuuza mataulo ya saluni, waya zimo masikioni, maji ya sabuni mpaka viwikoni. Hakujibu. Sauti iliendelea kuja. Siku moja ikachelewa, naye akajikuta kila mara anafuta mkono kwenye gauni ili aangalie simu. Siku hiyo alijiogopa.

"Umekula?" sasa Darubini aliuliza.

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula, Darubini."

"Ya leo ilikuwa na mkate. Mkate mwenyewe ulikuwa wa juzi, lakini bado unaitwa mkate."

Chaji akatabasamu, na hapo hapo tabasamu likamfia, maana chini ya nyuso zao mbili, kiduara cha tatu kilikuwa bado kipo.

Darubini naye alikuwa anakitazama. "Sikiliza. Jumamosi nakuja huko. Nimepangiwa shule ya mazoezi ya kufundisha ng'ambo ya mto, si mbali na kwenu. Nataka nifike kwa shangazi yako kama mtu mwenye shabaha, siyo kama mwanafunzi mwenzio aliyepotea njia. Nilikuuliza mara ya kwanza ukaniambia nisubiri. Nimesubiri. Leo nakuuliza tena, nije au nisije?"

"Siwezi."

"Huwezi kunipenda, au huwezi kusema?"

"Siwezi kusema mbele yake."

Neno lilikuwa limetoka. Nje, kwenye saluni, mashine ya kukausha nywele ilivuma, na shangazi mtu akamwambia mteja wake akaze shingo.

"Yule ni simu, Chaji," Darubini alisema kwa upole. "Kuna mtu anayo simu yake, basi."

"Simu yake ilipotea hospitalini. Mama yake aliniambia kwa mdomo wake."

"Basi ni aliyeiokota."

"Mwizi anasoma ualimu? Mwizi anakaa kimya mpaka mwisho, anasikiliza malezi ya watoto, hatoki mpaka sisi tutoke?"

Darubini alivua miwani, na uso wake bila miwani ulikuwa mtupu, kama nyumba iliyoondolewa mapazia. "Usidhani mimi nalala raha," alisema. "Alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mchumba wako. Nikisoma majina, nikifika pale pake, ulimi unataka kusema 'yupo'. Naumeza. Lakini Chaji, sikukupenda alipokuwa hai. Mungu anajua. Nimekupenda ukiwa unalia."

"Nilimwambia nitamngoja," Chaji akasema. "Pale hospitalini. Nilimshika mkono nikamwambia, nitakungoja mpaka upone. Hakupona. Sasa kungoja huko kunakwisha lini, hebu niambie? Nani atakuja kuniambia kwamba sasa basi?"

Kisha kile kialama chekundu kando ya jina la Fundi kikageuka kijani.

Kipaza sauti kilikuwa kimefunguka.

Kwanza ulikuja mvumo, kama wa chumba chenye mtu. Halafu mlio. *Tak-tak-tak-tak, ko. Tak-tak-tak-tak, ko.* Kitu kinazunguka na kila kikizunguka kinagonga, kama moyo wenye kilema.

"Mungu wangu," Darubini akanong'ona.

Mlio ukapungua, ukasita. Mtu akavuta pumzi ndefu yenye majimaji ndani yake. Kisha ukimya, na maandishi madogo meupe: *Fundi ametoka darasani.*

Chaji alikuwa amesimama. Ndoo ilikuwa imeanguka ubavu, hakuisikia.

"Chaji? Usiogope, niko hapa. Chaji!"

"Siogopi," alisema. "Naujua mlio ule."

Alipita katikati ya saluni kama upepo. Shangazi yake, vidole vimejaa mafuta, kitana kimekwama kwenye kichwa cha mteja, akamwangalia kutoka juu mpaka chini.

"Na wewe unakimbilia wapi na kandambili moja? Umeona shetani?"

"Nimesikia cherehani, shangazi."

"Amesikia cherehani," shangazi akamwambia mteja. "Chuo hiki cha kwenye simu kitaniharibia mtoto."

*

Mama yake Fundi alikuwa mshonaji. Chumba chake cha mbele kilikuwa na dirisha moja kubwa lililotazama barabara, na chini ya dirisha ndipo ilipokaa cherehani ya miguu, nyeusi, nakshi zake za dhahabu zimefutika pale mkono unapopita. Mkanda wake ulikatika zamani. Fundi, akiwa bado anasoma shule, aliuunga kwa kipande cha mpira na fundo, akasema, "Mama, huu ni wa muda tu." Fundo lile lilipopita kwenye gurudumu liligonga. Lilikuwa likigonga mpaka leo.

Alikuwa anashona kola za sare za wanafunzi. Alipomwona Chaji mlangoni, ana kandambili moja na mguu wa pili umejaa tope, mguu wake ukaacha kukanyaga. Gurudumu likazunguka peke yake kidogo, ko, likatulia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?"

"Nionyeshe simu, mama."

"Simu gani?"

"Mama."

Mwanamke yule aliinamisha kichwa. Kisha akavuta droo ya cherehani, akasogeza reli za uzi na makopo ya vifungo, na kutoka chini ya kitambaa kilichokunjwa vizuri akaitoa. Mgongo wake mweusi, ubavu wake wa buluu, kioo chake chenye ufa pembeni. Simu tatu zilizokufa, zinazopumua kama moja.

Chaji alikaa sakafuni, kwenye mabaki ya vitambaa.

"Mmenijuaje?" mama akauliza kwa sauti ndogo.

"Kipaza sauti kilifunguka. Tukasikia cherehani."

"Kwani ilisikika huko?"

"Ilisikika, mama. Na jina linaonekana. Picha inaonekana. Kila ukiingia, darasa zima linaandikiwa kwamba Fundi ameingia."

Mama aliweka mkono mdomoni. Macho yakamtoka. "Toba," akasema. "Mimi nilidhani ni kama redio. Redio unamsikia anayetangaza, yeye hajui kama uko nyumbani unamenya viazi. Niliwasikia mkimtaja, mara akaunti, mara simu, nikadhani ni maombolezo tu. Sikujua kama... Wote wanaona?"

"Wote. Mhadhiri anavua miwani. Yupo mwenzetu mmoja anataka kuacha chuo."

"Masikini, nimewatisha watoto wa watu!" Na katikati ya machozi, kicheko kikamponyoka, kikamshtua mwenyewe. Chaji naye akacheka, akalia, vyote kwa pamoja, uso kwenye magoti ya yule mama, mikasi na pini zikimchoma begani.

Walipotulia, mama akasema, "Nilikudanganya. Haikupotea. Kila mtu alikuwa anaitaka. Mjomba wake aliitaka awape watoto wake. Rafiki zake walitaka picha. Wewe ulitaka sauti zake. Nikaona mtaigawana kama walivyogawana nguo. Nikasema imepotea. Mungu anisamehe. Nilikuwa naichaji tu, basi. Naichomeka, naona ile taa inawaka, nalala. Siku moja mchana ikalia. Yaliandikwa maneno ya buluu. Nikayabonyeza, nikasikia sauti yako: 'Hamjambo jamani.' Nikakaa chini hapo hapo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba naenda chuoni? Mimi niliyeishia darasa la nne?" Alikishika kile kioo chenye ufa, akakipapasa kwa kidole gumba. "Nilisema, kumbe darasa lake bado lipo. Bado wanasoma. Nikimsikilizia yeye, basi kuna uzi mmoja haujakatika. Kutoka nilikuwa sijui kunatokwaje, nikawa nangoja mpaka wote wanyamaze."

Chaji aliinua kichwa polepole.

"Wote, mama? Mpaka na sisi?"

Mama hakumtazama. Alichukua kola, akainyoosha juu ya paja. "Mpaka na nyinyi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza aliyokuuliza kama umekula."

Aibu ilimpanda Chaji kutoka shingoni. Alitaka kusema kitu, na kila neno lililofika mdomoni lilikuwa na kosa.

"Wewe ni mke wa mwanangu," mama akasema. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ngumu kama turubai.

"Mama, hatukufunga ndoa."

"Posa ilifika, ikajibiwa. Kwangu mimi umekwisha ingia mlangoni. Na yule mwenye miwani alikaa hapa hapa, amekula sahani moja na mwanangu, mimi namwongezea mchuzi. Leo anataka kukalia kiti kabla hakijapoa!"

"Hakuanza alipokuwa hai. Alisema, na nina uhakika umesikia."

"Nimesikia. Ndiyo inayoniudhi. Angekuwa mtu mbaya ningemchukia nikapumzika." Aliitupa kola kwenye kapu. "Alipokuuliza ukamwambia asubiri, mimi hapa nilishukuru. Nilisema, binti huyu ana imani. Nikarudi kushona na moyo mweupe. Wewe unalia huko, mimi nashukuru huku. Sasa huko si kumshukuru Mungu, mwanangu. Huko ni nini?"

Barabarani mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilalamika, akapotea.

"Leo uliuliza," mama akaendelea, "kungoja kunakwisha lini. Nilikuwa nashona, simu nimeiweka hapa mezani. Mguu ukaendelea kukanyaga wenyewe, mkono umesimama. Nilikujibu. Niliita, 'mwanangu, mwanangu,' nikaona hamgeuki. Nikabonyeza kila mahali. Kumbe ilipofunguka, sauti yangu ilikuwa imekwisha."

"Ulitaka kuniambia nini?"

Mama alitazama dirishani. Mwanga wa alasiri ulimpiga upande mmoja wa uso, na Chaji akamwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa mzuri hapo zamani.

"Baba yake alipofariki, mtoto alikuwa bado ananyonya. Walikuja watu kuniuliza. Watu wazuri, mmoja wao alikuwa seremala, ana mikono safi. Nikasema, nangoja. Na nikangoja kweli. Kila mlango ukigongwa, moyo unaniruka. Miaka, mwanangu. Nilimngoja mtu ambaye hakusafiri. Na hakuna aliyekuja kuniambia sasa basi. Wote walinisifu."

Aliirudisha simu kwenye droo. Akabadili mawazo, akaitoa tena, akaiweka juu ya meza ya cherehani, wazi.

"Sijasema nimekubali," akasema. "Nimesema nimesikia. Darasa hilo liko lini tena?"

"Keshokutwa, mchana."

"Njoo usomee hapa dirishani. Mtandao wa hapa mzuri, yeye mwenyewe ndiye aliyepachagua." Akavuta pua. "Na uvae viatu vyote viwili."

*

Keshokutwa yake walikaa bega kwa bega chini ya dirisha, kila mtu na simu yake, Chaji na waya masikioni ili simu mbili zisipigiane kelele. Kabla ya kipindi alimwonyesha mama: hapa unafungua sauti, hapa unafunga, hapa pekundu unatoka. Mama alirudia kwa kidole hewani, kama anayejifunza mshono mpya.

"Fundi ameingia darasani," maandishi yakasema, na Chaji, ingawa alimwona mama akibonyeza, ingawa alikuwa anausikia upumuaji wake ubavuni, alisisimka mwili mzima.

Bibi Kamera akavua miwani. Akafundisha. Kipindi kikaisha, mbegu zikamwagika, kwaheri mwalimu, kwaheri mwalimu. Wakabaki watatu.

"Chaji," Darubini alisema. Alionekana hakulala. "Tangu siku ile hupokei simu yangu. Nakwambia tu kwamba sitakusukuma. Ukiniambia nisije..."

"Kijana."

Darubini aliruka. Miwani ikamtoka, akaidaka hewani.

"Usiogope. Ni mimi mama yake."

Ilimchukua muda. Uso wake ulipita kwenye hofu, ukapita kwenye kuelewa, ukafika mahali ambapo midomo haishikiki. "Shikamoo, mama," akasema, akainama mbele ya simu kana kwamba amesimama mlangoni pake.

"Marahaba. Hali yako?"

"Nzuri, mama. Mama, mimi... yote uliyoyasikia, sikuwa na nia ya kumvunjia heshima..."

"Nyamaza kwanza. Nyumba hii unaijua. Umekula hapa."

"Naijua, mama."

"Jumamosi, kabla hujaenda kwa shangazi yake, pita kwangu. Uje kwa miguu yako, ukae kwenye kiti, nikutazame usoni. Haya ya kwenye simu siyawezi, mtu anakuwa mdogo kama kifungo cha shati."

"Nitakuja, mama." Akainua uso. "Nikuletee mkanda mpya wa cherehani? Niliusikia unagonga."

Chaji alifumba macho. Mama aligeuka, akalitazama lile fundo la mpira kwenye mkanda.

"Mkanda uuache," akasema. Hakusema kwa ukali. "Huo utagonga hivyo hivyo."

"Ndiyo, mama. Nimeelewa."

"Na kama atakukubali au atakukataa, hilo si langu. Hilo ni lake." Kisha aliisogeza simu karibu na uso, akakitazama kile kiduara, bisibisi nyuma ya sikio, kicheko cha upande mmoja. Kipaza alikuwa hajakifunga, kwa hiyo Darubini naye alisikia. "Nimechoka kukuhudhuria, baba," alimwambia. "Wenzio wanajua kusoma. Wewe pumzika."

Kidole kikatafuta pale pekundu. Kikasita. Chaji alitaka kumshika mkono, na hakumshika.

*Fundi ametoka darasani.*

Kwenye kioo, nyuso mbili zilizobaki zikajisogeza zenyewe, zikakua, zikajaza nafasi yake, kama watu kwenye benchi mwenzao anaponyanyuka. Ilikuwa haraka mno. Chaji aliichukia simu kwa uharaka huo. Aliendelea kupatazama pale alipokuwepo, pembeni chini, na pale hapakuwa na kitu, palikuwa na bega la Darubini tu na ukuta wa chumba chake.

Mama alinyanyuka, akaenda kukaa kwenye cherehani, akawapa mgongo.

Darubini alikuwa anangoja. Alikuwa ameahidi kutosukuma, na hakusukuma. Chaji alimtazama, miwani minene imekaa upande, macho mekundu. Akafikiria mlango unaogongwa na moyo unaoruka, mwaka baada ya mwaka. Akafikiria mkono aliokuwa ameushika hospitalini, ulivyokuwa mwepesi.

"Njoo," akasema. "Nakupenda. Njoo."

Alisema na machozi yakamtiririka, na kifua kikafunguka kama dirisha lililokuwa limekaza. Akangoja.

Darubini alisogea karibu na simu, akakunja uso. "Chaji, naona mdomo unatikisika. Kipaza chako umekizima. Sijasikia kitu."

Chaji aliangalia. Ni kweli, alikizima tangu mama alipoanza kuongea. Maneno yote yale yalikuwa yamekwenda mahali pengine, kwa mwingine, na akahisi kwamba huyo mwingine ameyasikia. Akaganda, kidole hewani. Mara moja alikuwa ameweza. Mara ya pili, sauti ikiwa wazi?

"Kiwashe hicho kitu, mwanangu," mama akasema bila kugeuka, akitunga uzi kwenye sindano. "Umsemee anayesikia."

Chaji akabonyeza.

"Nimesema njoo," akasema.

Na nyuma yake cherehani ikaanza tena, ikaingia darasani pamoja na sauti yake: *tak-tak-tak-tak, ko.*